Mfalme aliyechongwa pamoja na kisolo chake

Tulipokutana kupanga sikukuu ya kazi ya tarehe 1 mwezi wa tano, siye wajumbe wa sendika tulikuwa watu tisa ndani ya nyumba moja pale Manika, na palabre ilianza juu ya kitu kidogo sana. Wazee wa pensheni walikuwa wametuma barua. Waliomba kisolo kiandikwe kwenye orodha ya michezo ya siku ile, pamoja na mupira wa miguu, voleboli na mbio, na kiwe na kombe lake sawa na wengine. Biro ya personeli ya kampani moja, hatutaitaja jina, ilijibu upesi: makuta ya spor ni ya spor. Kisolo ni kitu cha kupitisha saa. Mutu aliyekaa chini, hatoki jasho, hapumui kwa nguvu, huyo hafanyi spor.

Tuseme kweli: nusu yetu walikubaliana na biro. Mmoja alicheka akasema basi tuandike na usingizi, maana pale pia kuna mabingwa. Ndipo mwenzetu mwingine, fundi wa umeme, akauliza kama tunajua kwamba katika inchi hii kulikuwa mfalme ambaye sanamu yake haina mukuki, haina simba, haina adui chini ya mguu, eko paka na ubao wa kisolo mbele yake. Wengi hatukujua. Wengine walijua jina tu, kwa sababu ya vitabu vya shule. Toka siku ile tuliulizia Wakuba wanaoishi hapa Kolwezi, tukasoma vitabu viwili vitatu vya Kifaransa, na haya ndiyo tuliyopata juu ya maisha ya yule mutu.

Jina lake ni Shyaam aMbul aNgoong. Wazungu wa zamani waliandika Shamba Bolongongo, na hivyo ndivyo wazee wengi walivyomsikia. Alitawala Wakuba karibu miaka 400 iliyopita, mwanzoni mwa karne ya 17. Wakuba ni mataifa mengi chini ya mfalme mmoja, na Wabushoong ndio wenye ufalme. Inchi yao iko kati ya mito Kasai na Sankuru, na mji wa mfalme ni Mushenge, si mbali na Mweka. Mweka wafanyakazi wa hapa wanaijua. Ni gare kwenye njia ya reli inayotoka Lubumbashi, inapita Tenke na Kamina, inapanda Kananga mpaka Ilebo. Ile reli ilimalizika mwaka 1928, na kwa ile reli ndipo babu za wengi wetu walishuka kuja kutafuta kazi ya Union Minière.

Namna gani tunajua miaka, wakati Wakuba hawakuandika? Wazee wa Mushenge walishika orodha ya wafalme kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine, wakihesabu zaidi ya mia moja. Kwa mfalme mmoja aliyekuja nyuma ya Shyaam, Bo Kama Bomankala, walisema hakuna jambo kubwa la kukumbuka, ila siku moja saa sita ya mchana jua lilizimika. Mhungaria mmoja, Emil Torday, aliyekuwa anakusanya vitu na habari kwa ajili ya British Museum ya London kati ya 1907 na 1909, alisikia habari ile akapeleka kwa watu wanaohesabu nyota. Jibu lilikuja: jua lilipatwa juu ya inchi ile tarehe 30 mwezi wa tatu, mwaka 1680. Hapo ndipo walipata msumari wa kutundikia hesabu zote, na Shyaam akaonekana kuwa mbele ya hapo kwa miongo kadhaa.

Shyaam hakuzaliwa na njia wazi ya kiti. Jina lake lenyewe linataja mama: yeye ni wa Mbul aNgoong. Kwa Wabushoong ufalme unapita upande wa mama, na masimulizi mengi yanasema mama yake alikuwa mtumwa. Mtoto wa mtumwa, tena mgeni kwa namna fulani, hana haki. Basi alifanya sawa vile vijana wetu wanafanya wakiona mlango umefungwa: alisafiri. Alikwenda upande wa magharibi, kwa Wapende na mataifa ya karibu na mto Kwilu, kule ambako habari na vitu vya pwani ya bahari vilikuwa vimeanza kufika. Hakuenda kupiga vita. Alikwenda kutazama jinsi wengine wanavyofanya.

Aliporudi, alirudi na mzigo, na si mzigo wa pembe. Wakuba wanaunganisha jina lake na mahindi, muhogo, tumbaku, na kazi ya kufuma na kudarizi nguo za makuti ya miwale, zile nguo za Kasai ambazo leo zinatundikwa ukutani Ulaya. Sitaki tudanganyike hapa. Mutu mmoja habebi chakula cha inchi nzima kichwani. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, vikafika pwani kwa meli za Wareno, vikaingia ndani shamba kwa shamba, na bila shaka wanawake walivipanda mwaka hata mwaka mbele mfalme hajajua ladha yake. Siye wa sendika tunajua namna hiyo ya kuandika historia: watu elfu wanachimba, mkubwa mmoja anapigwa picha. Lakini hata Jan Vansina, Mbelgiji aliyeishi kwa Wabushoong miaka ya 1950 akaandika historia yao, alikubali kwamba wakati ule maisha yalibadilika sana. Chakula kiliongezeka, watu waliongezeka, na mji mkuu ukajaa mafundi na wenye vyeo ambao hawakulima wenyewe.

Kiti alikipata kwa nguvu au kwa akili, masimulizi yanagombana. Wengine wanasema watu walimtaka kwa sababu ya mambo aliyoleta. Wengine wanasema alikuwa mchawi mkubwa na walimwogopa. Tunaona yote mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Akaanzisha ukoo wa Matoon, na huo ndio ulioendelea kutawala.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Torday aliambiwa Mushenge kwamba Shyaam aliporudi kutoka safari alikuta watu wake wamezama ndani ya kamari. Kamari ile ilikuwa inakula mali, inavunja nyumba, na inaleta magomvi. Mfalme angeweza kupiga marufuku kama wakubwa wote. Yeye alileta mchezo mwingine. Kwao wanaita lela; ni jamaa wa kile tunachokiita siye kisolo, Watanzania wanaita bao. Akaufundisha, akaucheza yeye mwenyewe, na watu wakaacha kamari wakashika lela. Ndivyo wazee walivyosimulia. Inawezekana mchezo ule ulikuwa tayari unajulikana pande zile, na mfalme aliupa tu kiti cha heshima. Lakini Wakuba wenyewe, katika mambo yote waliyoweza kumkumbukia, kufuma, muhogo, amani, walichagua ubao wa mashimo uwe alama yake. Hilo si dogo.

Alama ile tunaiona kwenye sanamu. Wakuba wanaita sanamu za wafalme ndop. Ya Shyaam ni ya mti, urefu wake karibu sentimita 55, na leo iko London, British Museum. Mfalme amekaa ameikunja miguu, tumbo mbele, macho yamefumba nusu, mkono wa kushoto unashika kisu. Uso si wake. Wataalamu wanaona sanamu ilichongwa nyuma sana ya kifo chake, pengine karne ya 18, na nyuso za ndop zote zinafanana, sawa vile ndugu wa tumbo moja. Kinachosema huyu ni nani ni kitu kilichochongwa mbele ya miguu, Wakuba wanakiita ibol. Mfalme mwingine, Mbop Pelyeeng, ibol yake ni fuawe, juu ya yeye alipenda kazi ya chuma. Huyo mafundi wa forge hapa Kolwezi wangempenda! Mwingine, Mishe miShyaang maMbul, ana ngoma. Shyaam ana ubao wa lela. Ukiutoa ule ubao, hujui tena ni nani amekaa pale.

Na kile kisu kina maneno yake. Zamani Wakuba walikuwa na shongo, kisu cha kurusha chenye ndimi nyingi, silaha mbaya inayokata kila upande. Masimulizi yanasema Shyaam alikataza shongo katika vita, akakataza na upinde na mishale, na mahali pake akaleta ikul, kisu kifupi cha heshima ambacho mutu anavaa wakati wa amani. Kwenye sanamu anashika ikul, na mpini ndio umegeuzwa mbele, si makali. Hatusemi vita viliisha kwa Wakuba. Ufalme mkubwa hautengenezwi kwa kuchekeana tu. Lakini tazama vitu viwili alivyoondoa, kamari na shongo. Katika kamari mutu anashindwa bila kosa lake. Katika shongo mutu anakufa. Akaweka katikati kitu ambacho watu wawili wanashindana kwa nguvu zao zote, mmoja anashindwa kweli, kiisha wote wawili wanaamka na kwenda kula.

Tulipofika hapo katika masomo yetu, mwenzetu fundi wa umeme alisema basi tutafute na wakubwa wa michezo wa leo wanapima kwa kilo gani. Tulipata. Ule umoja wa kimataifa wa mashirikisho ya michezo uliweka masharti ya kukubali mchezo kuwa spor. Lazima kuwe na mashindano. Usiwe umetengenezwa juu ya bahati. Usitie hatari isiyo ya lazima katika maisha na afya ya wachezaji. Usiumize kiumbe. Na vyombo vyake visitoke kwa muuzaji mmoja peke yake. Masharti ni hayo. Jasho halimo! Kumbe hata wale wa Olimpiki walikubali shirikisho la chess mwaka 1999, na chess inachezwa mutu amekaa kwenye kiti, tena mara nyingi kiti kizuri kuliko cha biro ya personeli.

Kamata sasa kisolo, upime. Mashindano yapo, muulize yeyote aliyeshindwa na shemeji yake mbele ya watu. Bahati hakuna hata kidogo: hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, mbegu zote ziko wazi mbele ya wote wawili toka mwanzo mpaka mwisho. Unakamata mbegu za shimo moja, unagawa moja moja kwenye mashimo yanayofuata, na ile ya mwisho ikianguka penye wenzake unaendelea; ikisimama mahali pazuri unakula za mwenzako zilizo upande wa pili. Namna ya kula inabadilika kutoka kijiji hadi kijiji, lakini kila mahali mutu analazimika kuhesabu mizunguko mitatu minne kichwani mbele ya kugusa. Mupira wa miguu una bahati nyingi kuliko kisolo. Mvua ikinyesha, balo ikigonga mti wa goli, arbitri akifumba jicho, umekwisha.

Na vyombo? Hapa siye tunacheka. Muuzaji gani? Wale tunaowaita ba creuseurs, wakipumzika kando ya mashimo yao ya kobalti, wanachimba mashimo mengine madogo kwa kidole, wanaokota mawe, mchezo umeanza.

Tena hawako peke yao. Michezo ya mbegu na mashimo inachezwa karibu Afrika nzima, na inafika mpaka Asia ya kati. Mwalimu Nyerere wa Tanzania alijulikana kwa kupenda bao. Mwaka 2020 UNESCO iliandika michezo ya jamaa hiyo ya Kazakhstan, Kirgizstan na Uturuki katika urithi wa watu wote, na kule Kirgizstan wanaicheza katika mashindano makubwa ya kimataifa, kando ya mieleka na mbio za farasi, na hakuna anayeuliza jasho liko wapi. Sisi tuna mfalme aliyechongwa pamoja na ubao wake, na tunajibiwa kwa barua ya mistari minne.

Kuna jambo moja kwenye hoja ya jasho ambalo hatukulipuuza, tuwe wa haki. Katika Kiswahili tuna neno moja, mchezo. Mtoto anacheza, mcheza ngoma anacheza, Mazembe wanacheza. Kifaransa kinagawa, na hapa Kolwezi tumeshika ule mgawo: tukisema spor tunawaza mutu anayekimbia siku ya mungu asubuhi kwenye barabara ya lami. Mwili ni kitu cha maana. Mfanyakazi anayekaa juu ya kamyo ya tani nyingi saa 12 anahitaji kukimbia, na kama pesa ni kidogo, mtu anaweza kusema kwa haki tununue balo kwanza. Hoja hiyo tungeikubali. Lakini biro haikusema pesa ni kidogo. Ilisema kisolo si kitu.

Tena kama jasho ndilo kipimo, tufanye nini na lile kombe la Afrika la mwaka 1967? Englebert ya Lubumbashi, ile ambayo leo ni Mazembe, walitoka sare na Asante Kotoko ya Ghana mara mbili. Ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, na kombe likatolewa kwa watu wetu. Siku ile mutu hakutoka jasho hata tone. Jaribu kumwambia muzee yeyote wa Katanga kwamba lile kombe si la spor, uone utatoka namna gani.

Turudi kwa Shyaam, maana maisha ya mfalme wa namna ile hayaishi siku ya kuzikwa. Sanamu yake ilikaa Mushenge kwa vizazi. Kiisha likaja lile lililotufikia wote. Mwaka 1892 alifika Mushenge mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, na akashangaa na mji, na nguo, na sheria zao. Nyuma yake ikaja Compagnie du Kasai na kazi ya mpira, si mupira wa kucheza, ule wa kukamua porini. Watu waliachishwa mashamba yao, walitozwa, walipigwa. Mwaka 1904 Wakuba waliasi, na uasi ulizimwa kwa bunduki. Sheppard aliandika aliyoyaona, na kampani ikamshitaki kwamba amelichafulia jina. Kesi ilikatwa Léopoldville mwaka 1909, naye akashinda. Aliyemtetea, bila kulipwa, alikuwa Émile Vandervelde, mkubwa wa chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji. Hili tunaliandika hapa ingawa linatoka kidogo nje ya njia, juu ya wajumbe vijana hawalijui, nao wanafikiri sendika ni kadi tu.

Ni katika miaka ile ile ndipo Torday alifika kwa mfalme Kot aPe, akakaa vizuri na wazee, akaandika masimulizi tuliyotumia hapa, na akaondoka na sanamu za ndop. Inasemwa mfalme alikubali. Inawezekana. Lakini inchi iliyotoka kupigwa miaka minne nyuma inaweza kukataa namna gani? Shyaam akaenda London na ubao wake, na huko wanamtazama nyuma ya kioo watu ambao pengi pengine hawajashika mbegu hata siku moja.

Sasa lazima tuseme na jambo la pili lililotokea katika kikao chetu, na hili halikuwa la kucheka. Mmoja wetu aliuliza juu ya nini tuweke mfalme wa Kasai mbele ya sikukuu ya Lualaba. Nyumba ilinyamaza. Kati yetu tisa, wawili wazazi wao ni wa Kasai. Na wengi wetu tulikuwa watoto wa shule mwaka 1993. Tulikuwa darasani asubuhi moja, na madawati mengine yalikuwa wazi, na kesho yake mengine tena. Watu walilala gare siku na majuma wakingoja treni, na vyombo vyao, na wagonjwa wao, na wengi hawakufika. Waliokuwa wamezaliwa hapa walipelekwa kwenye inchi ambayo hawajaiona, kwa ile ile reli iliyoleta babu zao kufanya kazi.

Hatukugombana. Muzee mmoja aliyetumwa na wale wa pensheni, aliyekuwa amekaa karibu na mlango bila kusema neno saa nzima, alizungumza. Alifanya kazi chini ya udongo, Kamoto, mpaka kifua kikakataa. Alitueleza kwamba kisolo alifundishwa na mutu wa Kasai aliyekuwa naye posti ya usiku, na yeye alimfundisha yule namna ya kwao ya kula. Walicheza miaka 11 mbele ya nyumba za kambi. Yule rafiki aliondoka 1993. Ubao alimwachia yeye. Hakuongeza kitu. Aliyeuliza lile swali ndiye aliyeandika jina la kisolo kwenye orodha, kwa mkono wake.

Tulirudi biro na barua mpya. Hatukuweka mfalme ndani, tuliogopa watatucheka. Tuliweka yale masharti matano, na chess, na hesabu ya wazee wa pensheni walioomba, watu 34, ambao wengi wao ukiwaambia wakimbie mita mia utawaua. Hawa walitoa mapafu yao kwa shaba. Wakati wana nguvu, kampani iliwapa uwanja na viatu, maana ilitaka misuli. Leo wamebaki na kichwa, na kichwa hakina mfuko wa makuta. Kama spor ni kitu cha mwenye pumzi peke yake, basi hapa Kolwezi mutu anaacha kuwa mchezaji siku ile ile anaacha kuwa na faida. Hilo ndilo tuliloandika, kwa maneno laini kidogo.

Biro haijajibu. Tumeanza bila jibu. Makuta tumechanga siye wenyewe, na mama mmoja anayeuza unga pale sokoni ametoa kombe, lilikuwa la mume wake, tutafuta lile jina la zamani. Yeye pia amejiandikisha kucheza. Kuna vijana waliosema wanawake hawachezi kisolo. Wamekwisha kucheza naye mbele ya duka lake na sasa wamenyamaza.

Limebaki jambo la sheria, na hapo kweli tunamkosa Shyaam, maana mfalme angekata neno. Wengine wanataka safu za mashimo sita, wengine saba, wengine nane kama watu wa bao. Wengine wanakula shimo moja, wengine mawili. Wazee walikaa siku tatu. Wamekubaliana safu nne za mashimo saba, mashimo 28 kwa ubao, mbegu zihesabiwe mbele ya arbitri, mutu akigusa shimo amecheza, na hakuna kuweka makuta pembeni; atakayeonekana anaweka dau atatoka pamoja na aliyemkubali. Seremala wa Manika anachonga mbao sita. Anayetaka kuandikishwa aje kwa mjumbe wa sendika wa kambi yake mbele ya tarehe 25 mwezi wa nne, awe wa kazi, wa pensheni au mjane wa mufanyakazi, na kama ana mbegu nzuri za kwao, alete.